Mkeka, tange na kukaimu: maswali yenu kuhusu vyeo vya juu serikalini

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: nani anapanda cheo serikalini, na kwa nini yeye. Tumechagua sita. Zinazohusu Tanzania tumezijibu kwa sheria za Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Utumishi wa Umma, Na. 2 ya 2011, na Kamisheni yake.

Kila mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, unapotoka Ikulu, ofisini kwetu kazi husimama. Wengine wanasema fulani kabebwa, wengine wanasema anastahili. Kisheria, kuna nafasi ambazo Rais anaweza kumpa amtakaye, au zote zinatakiwa kushindaniwa? Afisa Tawala, Dodoma

Ubishi wenu hauishi kwa sababu mnachanganya vyeo vya aina mbili. Kuna cheo cha muundo, yaani kutoka Daraja la II hadi la I, Mwandamizi, Mkuu Daraja la II, Mkuu Daraja la I. Hicho hupandwa kwa miaka, tathmini na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Halafu kuna cheo cha madaraka: mkuu wa kitengo, mkurugenzi, katibu tawala, katibu mkuu. Hicho hakipandwi, mtu huteuliwa. Unaweza kuwa Afisa Mkuu Daraja la I mpaka ustaafu usiwahi kushika madaraka hata siku moja, na hakuna aliyekudhulumu.

Kwa madaraka ya juu, Katiba haifichi kitu. Ibara ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuteua viongozi wanaoweka sera za idara na taasisi za Serikali, pamoja na watendaji wakuu wanaosimamia utekelezaji wa sera hizo. Watumishi wengine, kwa ajira, kupandishwa vyeo na nidhamu, wanaangukia kwenye Tume ya Utumishi na mamlaka nyingine zilizotajwa na sheria. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, ndiyo inayofafanua. Kwa hiyo katibu mkuu, naibu wake, katibu tawala wa mkoa au balozi hatangaziwi nafasi. Kwa watendaji wakuu wa mashirika soma sheria iliyoanzisha shirika husika, maana hazifanani: ipo inayosema Rais, ipo inayosema waziri, na ipo inayoiachia bodi.

Je, kuna sifa zinazoangaliwa? Zipo, lakini hazishindanishwi hadharani. Jina hupendekezwa, hupekuliwa (rekodi za mtu huchunguzwa), hupelekwa. Siasa hapo si kosa la kisheria. Mpango wenyewe umeiruhusu, kwa hoja kwamba aliyechaguliwa na wananchi anahitaji watendaji anaowaamini. Hoja hiyo ina nguvu kwa katibu mkuu wa wizara. Inapungua nguvu kadiri unavyoshuka. Mfano unaojulikana ni wakurugenzi wa halmashauri. Julai 2016 Rais Magufuli aliteua 185 kwa mkupuo, na malalamiko yakawa kwamba miongoni mwao walikuwemo makada wa chama. Neno kada peke yake lisingezua kesi. Kilichozua kesi ni kwamba sheria ya uchaguzi ya wakati huo iliwafanya wakurugenzi hao hao kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alikwenda Mahakama Kuu kupinga hilo na kushinda Mei 2019. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka huo huo. Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona haki zilikiukwa.

Kwa hiyo mkeka mwingine ukitoka, kabla ya kuuliza kama mtu kabebwa, ulizeni nafasi yake ni ya kuweka sera au ni ya kuendesha jambo linalotakiwa kuwa sawa kwa vyama vyote. Kwenye hilo la pili ndipo sisi tunaona siasa imevuka mpaka.

Nimekaimu ukuu wa kitengo kwa zaidi ya miaka miwili. Wiki iliyopita ameletwa mtu kutoka taasisi nyingine, mimi nimeambiwa nimkabidhi. Sijawahi kupewa onyo wala barua ya kunieleza. Nina haki gani? Singida

Pole, ndugu yetu. Tuanze na lile ambalo hutalipenda: kukaimu hakumpi mtu haki ya kuthibitishwa kwenye nafasi. Ungeweza kukaimu vizuri kuliko wote na bado nafasi akapewa mwingine kihalali.

Lakini kukaimu miaka miwili si halali. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, kanuni ya D.24, zinasema mtumishi asikaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi sita. Kanuni hii huvunjwa sana, na si kila mara kwa ubaya. Sababu ya kwanza ni upekuzi kuchelewa. Ya pili ni mwajiri kutoomba kibali Ofisi ya Rais, Utumishi. Amekuandikia yeye mwenyewe barua na kuishia hapo. Ya tatu ni wewe kukosa sifa moja ya nafasi, kwa mfano cheo chako cha muundo hakijafika, na hakuna aliyetaka kukwambia usoni. Ya nne ndiyo ya kisiasa. Mkuu wa taasisi anapendelea kaimu kwa sababu kaimu hasemi hapana. Mwenye uteuzi kamili akiletewa dokezo la malipo lenye kasoro anaweza kuandika "sikubaliani" na kulirudisha. Kaimu anajua barua ya mstari mmoja inatosha kumrudisha alikotoka, basi anasaini. Ukiona taasisi ina makaimu wengi kwenye fedha, manunuzi na utumishi kwa wakati mmoja, jiulize nani ananufaika nao.

Sasa cha kufanya. Chukua barua yako ya kukaimu uisome upya. Je, imetaja kibali cha Katibu Mkuu Utumishi? Kama imetaja, kagua kama ulilipwa posho ya kukaimu, ambayo msingi wake ni tofauti ya mshahara wako na wa nafasi uliyoikaimu. Kama haikutaja kibali, dai la posho litakuwa gumu, ingawa si sababu ya kunyamaza. Kumbuka pia kwamba kushika ofisi bosi akiwa safarini au likizo ni jambo jingine, usilihesabu humo.

Kisha andika barua moja kwa mwajiri wako, fupi, yenye maswali matatu tu: jina langu liliwahi kupelekwa kwa ajili ya upekuzi, lini, na kwa nini ukaimu ulizidi miezi sita. Usimtaje aliyeletwa. Ukimtaja, barua yako inageuka ya chuki na itajibiwa hivyo. Ipitishe masjala, hakikisha imeingia kwenye jalada lako na uandike namba ya folio, au kama ofisi yenu inatumia mfumo wa kielektroniki, tunza namba ya kumbukumbu. Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu mlalamikaji alimkabidhi katibu muhtasi barua mkononi na haikuonekana tena.

Usiporidhika, nenda Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa dhidi ya uamuzi hukatwa ndani ya siku 45, na usihesabu kuanzia siku uliyopata hasira, hesabu kuanzia tarehe uliyopokea uamuzi. Usikimbilie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi: tangu marekebisho ya 2016, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za ndani ya sheria hiyo.

Neno kuhusu upekuzi, kwa kuwa umeutaja kwenye sehemu ya barua yako ambayo hatukuichapisha. Matokeo yake hupelekwa kwa mamlaka ya uteuzi, hayaletwi kwako, kwa hiyo mtu anaweza kukwama bila kujua. Huangaliwa vyeti, uraia, mwenendo, rekodi ya nidhamu. Kinachokwamisha watu wasio na doa lolote ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi Juma Ally, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaidi J. Ali, shahada imeandikwa jina la mume. Baada ya uhakiki wa 2017 uliotoa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hakuna mpekuzi atakayekukisia wema. Sahihisha kwa hati ya kisheria ya jina na nakala yake ikae kwenye jalada lako kabla hujapendekezwa. Ukishapendekezwa umechelewa.

Nina shahada ya uzamili tangu 2019. Kijana niliyemfundisha kazi amepandishwa kuwa Afisa Mwandamizi, mimi bado Daraja la I. Hii si siasa? Mtwara

Huenda si siasa. Fungua Muundo wa Utumishi wa kada yako, yaani waraka unaotaja sifa za kila cheo katika fani yako ya kazi, usome mstari kwa mstari. Kwa kada nyingi uzamili haupandishi mtu wenyewe. Unahesabika pale tu muundo unapoutaja kama sifa ya cheo fulani, au unapokubaliwa kubadilishiwa kada.

Baada ya hapo omba kuona tange. Hiyo ndiyo orodha ya ukubwa wa watumishi kazini, na ndiyo inayopanga foleni ya kupanda. Kagua vitu vinne: tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuthibitishwa, tarehe ya cheo cha sasa, na cheo chenyewe. Wenye cheo kimoja hupangwa kwa tarehe waliyokipata, na wakifungana ndipo huangaliwa ya kuajiriwa. Kosa la kawaida ni kuthibitishwa kuchelewa. Mtu amemaliza mwaka wa majaribio, mkuu wake hakujaza fomu, amethibitishwa mwaka wa tatu, na tangu hapo yuko nyuma ya wenzake.

Inawezekana pia kijana wako alipandishwa kwa mserereko. Juni 2016 upandishaji vyeo ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na waliokuwa na barua au sifa wakati ule wakapoteza miaka. Baadaye Serikali imekuwa ikiwafidia baadhi yao kwa kuwapandisha haraka zaidi. Angalia kama na wewe ulistahili.

Mwisho ni ikama. Hata ukiwa wa kwanza kwenye tange, nafasi yako ya Mwandamizi isipokuwemo kwenye ikama na bajeti ya mwaka unaoanza Julai, hakuna barua. Maandalizi huanza miezi mingi kabla, kwa hiyo swali "nimo kwenye ikama?" liulize Novemba. Juni utajibiwa tu "bajeti imekwisha pita".

Mimi ni afisa katika serikali ya kaunti, Mombasa. Nataka kuomba nafasi ya afisa mkuu wa kaunti, na baadaye pengine Katibu wa Wizara. Wenzangu wanacheka, wanasema bila mtu wako juu na bila kabila linalofaa, ni kupoteza karatasi. Wana haki?

Wana haki nusu, na nusu nyingine ndiyo ya kukufaa.

Kenya ilibadili utaratibu kwa Katiba ya 2010. Chini ya Ibara ya 155, Rais anamteua Katibu wa Wizara kutoka kwa waliopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na Bunge la Taifa linaidhinisha. Kwa kaunti mpangilio unafanana: Bodi ya Utumishi ya Kaunti inapendekeza, gavana anateua, bunge la kaunti linaidhinisha. Kwa hiyo kuna milango mitatu: kupendekezwa, kuteuliwa, kuidhinishwa. Wa kwanza ni wa sifa, na uko wazi: nafasi inatangazwa, walioorodheshwa kuhojiwa hutajwa hadharani, umma unaalikwa kutoa maoni. Siasa inaingia mlango wa pili. Orodha inayopelekwa huwa na majina mengi kuliko nafasi, na mteuzi halazimiki kumchukua aliyeongoza. Aliyefaulu vizuri bila mtu wa kumsemea anaweza kubaki kwenye orodha, na aliyemfuata akaapishwa.

Lakini mteuzi akitoka nje ya utaratibu, mahakama hazimwachi. Nafasi za Makatibu Waandamizi wa Utawala, zile za CAS, ni somo zuri. Tume ilitangaza nafasi 23, zikaja kuongezwa 27, na Machi 2023 watu 50 wakateuliwa. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilisema uteuzi huo haukufuata Katiba, na moja ya sababu ni kwamba zile 27 hazikupitishwa kwa ushirikishwaji wa umma.

Kuhusu kabila, wenzako wanadhani ni siri ya chini ya meza, kumbe liko kwenye sheria. Ibara ya 232 inasema ushindani wa haki na sifa ndiyo msingi wa ajira na kupandishwa cheo, kisha inaweka pembeni yake uwakilishi wa jamii mbalimbali, jinsia na watu wenye ulemavu. Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Hivyo mtu mwenye alama za chini kidogo kuliko zako anaweza kuchukuliwa kihalali ikiwa jamii yako tayari imejaa pale. Kisicho halali ni kutumia "uwakilishi" bila takwimu, kama kisingizio cha kumweka shemeji. Dawa yake ni kuomba alama na sababu kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 21 kujibu. Kwa uamuzi wa kaunti, rufaa huenda Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90.

Sasa karatasi, maana watu wazuri huangukia hapa. Utatakiwa vyeti vya KRA (mamlaka ya ushuru), HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), DCI (idara ya upelelezi wa jinai) na ofisi ya taarifa za mikopo. Cha ushuru hudumu miezi 12. Kikiisha wiki moja kabla ya mahojiano, ni wewe uliyekosa. HELB huwashangaza waliodhani wamemaliza kulipa: faini za miaka ya nyuma hubaki zikizaa. Na kama tangazo linataka kozi ya uongozi ya Chuo cha Serikali cha Kenya, usiandike "naendelea nayo". Ile ya menejimenti ya juu ni wiki nne, ya uongozi wa kimkakati ni sita, zimalize mapema.

Bosi wangu hagusi PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wetu, mpaka Juni, halafu anatupa alama za kulingana sote. Mwenzangu yeye hana habari na mfumo. Kutwa anasifia viongozi mtandaoni, na ndiye anayetajwa kupanda. Na mimi nianze uchawa? Arusha

Tutakujibu bila kukuhubiria. Uchawa hufanya kazi kwa nafasi za kuteuliwa, kwa muda, na kwa mtu aliye tayari kuondoka na aliyemsifia. Kwa cheo cha muundo haukusaidii kitu. Tange haisomi mtandaoni. Isitoshe, maadili ya utumishi wa umma yanakuruhusu kuwa mwanachama wa chama na kupiga kura, lakini siasa saa za kazi, mahali pa kazi, au kuhudumia watu kwa itikadi ni kosa. Mitandao ina tarehe na saa, hilo mwenzako hajalifikiria.

PEPMIS iliwekwa kuchukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa zamani wa tathmini, kwa sababu hii hasa unayoilalamikia: fomu za OPRAS zilijazwa siku moja, mwisho wa mwaka, kwa kukisia. Mfumo mpya unataka kazi ziingizwe na kuthibitishwa kadiri zinavyofanyika, na ndiyo maana bosi asiyeugusa anaharibu rekodi yako. Ingiza majukumu yako mwanzoni kabisa mwa Julai. Yaandike yapimike: "kuandaa taarifa nne za robo mwaka" inapimika, "kusaidia idara" haipimiki. Hakikisha kila jukumu linatoka kwenye mpango wa taasisi, maana lisilo na mzizi huko halitakuwa na uzito. Ukikamilisha kazi, weka ushahidi siku hiyo hiyo, kisha mkumbushe bosi kwa maandishi mafupi mwishoni mwa mwezi. Kumbusho tatu zenye tarehe zinatosha kumwonyesha afisa utumishi kwamba alama sare hazikutokana na kazi sare.

Nimetenguliwa. Taarifa ilisema tu "uteuzi wake umetenguliwa", haikusema nitapangiwa kazi nyingine. Nifanye nini wiki hii? Jina limehifadhiwa

Maneno hayo mawili yana tofauti. "Atapangiwa kazi nyingine" ina maana bado wanakuhesabu. Kukaa kimya kuhusu hilo hakumaanishi umefukuzwa utumishi: kama ulikuwa mtumishi kabla ya uteuzi, unarudi kwenye cheo chako cha muundo, na barua zako za zamani za kuthibitishwa na kupandishwa ndizo zitakazokuweka mahali pako. Zitafute leo. Kama uliingia moja kwa moja kutoka nje ya utumishi, huna cheo cha kurudia.

Uteuzi wa Rais hauna rufaa Tume ya Utumishi, kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwenye makabidhiano. Andaa hati ya makabidhiano yenye tarehe na saini mbili: fedha, mikataba inayoendelea, kesi, magari, nyumba, funguo. Omba kwa maandishi nywila zako kwenye mfumo wa malipo wa MUSE zifungwe siku hiyo. Hoja za Mkaguzi Mkuu huja mwaka unaofuata, na kamati ya Bunge inaweza kukuita ueleze malipo ya kipindi chako cha uafisa masuuli, yaani ulipokuwa mwenye dhamana ya fedha za taasisi. Hati isiyo na tarehe itakuingiza kwenye malipo aliyosaini aliyekufuata. Na tamko la mali: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inataka lijazwe pia unapoondoka kwenye wadhifa. Peleka Sekretarieti ya Maadili, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.